Kuchagua Kompyuta ya Kunasa Mazungumzo ya Amani

Leo tunazungumza juu ya mashini. Usishangae. Redio yaweza kuua, na yaweza kuponya. Mwaka 1994, kule Rwanda, redio RTLM iliwachochea watu waue jirani zao. Mwaka 2003 mahakama ya Arusha iliwahukumu baadhi ya wakubwa wake. Hapa Ituri, katika vita vya 1999 hadi 2003, na tena tangu mwisho wa 2017, tumeona watu wakikimbia kwa sababu ya neno lililosikika sokoni tu. Dawa moja ya uvumi ni kusikia sauti ya mtu mwenyewe, bila kukatwakatwa.

Basi, kama vijana wenu wanataka kunasa mazungumzo nyumbani, wachague kompyuta gani?

Kwanza, tazama umeme. Kompyuta ya mezani huzimika mara umeme unapokatika, na maneno ambayo hayajahifadhiwa yanaweza kupotea. Chagua ya kubeba, yenye betri nzima. Usiamini maneno ya muuzaji. Ichomoe kwenye umeme mbele yake, iache iwake nusu saa, kisha utazame betri imeshuka kiasi gani.

Pili, sikiliza kelele. Feni ikivuma, mikro itaikamata. Diski ya zamani huzunguka na kulia. Diski ya SSD iko kimya, tena inavumilia mitikisiko ya barabara zetu.

Tatu, usinunue nguvu usizozihitaji. Kwa sauti za watu, kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 8 inatosha. Sauti ya mikro moja, kwa ubora wa sidii, hula karibu megabaiti 5 kwa dakika, yaani 320 hivi kwa saa. Saa 100 ni gigabaiti 32 tu. Kwa hiyo diski ya 256 ni kubwa ya kutosha. Programu ya Audacity hailipiwi, na ikishawekwa haihitaji intaneti ili kunasa.

Nne, weka akiba ya mikro. Mikro iliyo ndani ya kompyuta hukamata kelele za mashini yenyewe. Nunua mikro ya USB, na uhakikishe tundu lake halilegei. Tundika mablanketi ukutani, mwangwi utapungua.

Tano, na hili ndilo zito: sauti hutambulikana. Mama aliyeona mauaji anaweza kujulikana hata kama hakutaja jina. Kubadili sauti yake kwa programu hakutoshi, maana jirani ataijua hadithi. Mwulize kwanza kama anakubali, na umweleze nani watamsikia. Akikataa kesho, futa. Weka neno la siri kwenye kompyuta, na nakala ya pili mahali pengine palipo salama. Wala usikate sentensi ya mtu hata maana yake igeuke. Hapo utakuwa umeunda uvumi mwingine.

Ninyi viongozi, kabla ya kukusanya pesa za kompyuta, kaeni pamoja, Wahema na Walendu na wengine wote, mkubaliane nani watalijua neno la siri. Wasiwe wa upande mmoja tu.