Kadi ya Idi kwa Mteja Wako

Una duka la leso Biashara Street, au wauza mahamri Mji wa Kale? Msimu wa Idi simu ya mteja hujaa SMS, nyingine za matapeli. Kadi uliyoandika kwa mkono haifanani nazo.

Andika jina lake, alichonunua na shukrani. Mistari mitatu yatosha. Ongeza namba yako ya Till na jina la biashara linalotokea kwenye ujumbe wa malipo, apate kulinganisha. PIN yake usimuulize kamwe.

Kumbuka, kukulipa kwa simu si ruhusa ya kumtumia matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka idhini yake. Kadi mpe mkononi akija dukani. Ziandike mapema, kumi la mwisho la Ramadhani duka hujaa!