Mraba wa Mpakani: Hesabu ya Moto wa Kubuni

Mnamo mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Kila mchezaji hujitwalia nafsi ya mtu wa kubuni, kama vile askari au mchawi, na mwenzao mmoja huwa msimulizi na mwamuzi. Mara nyingi uwanja wa vita huchorwa juu ya karatasi ya miraba, ambapo upande wa kila mraba huwakilisha futi 5. Silaha mashuhuri ya mchawi ni tufe la moto, ambalo huunguza kila kilichomo ndani ya nusukipenyo cha futi 20, yaani miraba 4.

Hapo ndipo ugomvi unapozuka, kwa maana duara halifuati miraba. Askari wa upande wako amesimama katika mraba ambao moto umeugusa pembeni tu. Je, ameungua au amepona? Kwa muda mrefu kila meza imejiwekea kanuni zake za nyumbani kuhusu jambo hili, nazo hazilingani.

Mwalimu wa Hisabati aliyeko Chemba anaweza kuipima tofauti hiyo kwa bikari moja tu. Weka ncha ya bikari pale mistari miwili inapokatana, uchore duara lenye nusukipenyo cha miraba 4, kisha wanafunzi wahesabu. Wakisema kwamba mraba huungua pale tu unapomezwa wote, watapata miraba 32. Wakisema kwamba kuguswa kidogo kunatosha, watapata 60. Wakifuata kitovu cha mraba, yaani mraba huungua endapo kitovu chake kimo ndani ya duara, watapata 52. Eneo halisi, kwa kanuni ya pai, ni miraba 50 na robo hivi. Kwa hiyo moto ni mmoja, lakini kati ya kanuni ya kwanza na ya pili wapo watu 28 ambao uhai wao unategemea maneno ya mwamuzi.

Kitabu cha waamuzi cha mwaka 2014 kilichagua kanuni ya nusu: mraba uliofunikwa nusu au zaidi huhesabiwa wote. Kwa duara letu, jibu huwa 52 vilevile. Toleo la mwaka 2008 lilikuwa limekata shauri kwa namna nyingine, kwamba hatua ya kwenda mshazari ihesabiwe sawa na ya kwenda mbele. Urahisi huo ulilifanya duara lenyewe kuwa mraba! Mwalimu wa jiometria asingeupitisha.

Lakini asiicheke meza hiyo upesi, kwani somo la Jiografia nalo lina kanuni yake ya nyumbani. Katika kusoma ramani, mwanafunzi hufundishwa kuhesabu miraba kamili, kisha kuijumlisha na nusu ya idadi ya miraba isiyo kamili. Tuijaribu kwa duara lile: 32 kamili na 28 isiyo kamili hutupatia 46. Upungufu unazidi miraba 4. Sababu ni kwamba vipande vya mpakani, kwa wastani, si nusu, bali hukaribia thuluthi mbili, kwa kuwa duara limebinuka kuelekea nje pande zote. Ziwa lenye ghuba na rasi lingekuwa afadhali, kwani kosa la huku lingeweza kufidiwa na la kule.

Kwenye ramani ya 1:50,000 kila mraba wa kilomita moja ni hekta 100. Upungufu ule ungekuwa zaidi ya hekta 400. Wilayani Chemba, kwenye Mto Bubu, ndipo palipopangwa bwawa la Farkwa la kuipatia Dodoma maji, na watu wa Mombose na Bubutole walitakiwa kupisha mradi huo. Wahandisi, bila shaka, hawahesabu miraba kwa kidole. Wao hupima mwinuko wa ardhi. Hata hivyo, mwenye shamba ukingoni mwa maji ana haki ya kuuliza mstari umepitishwa wapi, na kwa kanuni gani.

Turudi kwenye duara. Mjerumani Gauss alilishughulikia swali hilihili: ni vitovu vingapi vya miraba vimo ndani ya duara? Ncha ya bikari ikiwekwa katika kitovu cha mraba, nusukipenyo cha 10 hutoa 317, na eneo halisi ni 314 na kidogo; nusukipenyo cha 20 hutoa 1,257, na eneo ni 1,256 na kidogo. Ukubwa kamili wa kosa hilo kadiri duara linavyokua haujathibitishwa hadi leo.

Darasani, jaribio hilo lirudiwe kwa nusukipenyo cha 4, kwa kuhamisha ncha ya bikari kutoka kwenye makutano ya mistari hadi kitovu cha mraba. Kwa kanuni ileile ya kitovu, 52 hugeuka kuwa 49. Moto haukupungua hata kidogo, na askari watatu wamepona.