MTEJA ASIFANYWE MPANGAJI WA DAIMA

Manung'uniko juu ya bei za programu za simu yamezidi siku hizi, nasi twaona kwamba si haki kuyanyamazia. Si manung'uniko ya watu wapendao vya bure. Ni ya watu waliotoa fedha zao halali, wakadhani wamenunua, kisha wakaambiwa kwamba walikuwa wamepanga tu, na kodi ya mwezi imefika.

Zamani si nyingi mambo hayakuwa hivyo. Duka la programu la kampuni ya Apple lilipofunguliwa mwezi wa Julai 2008, likiwa na programu 500, desturi yake ilikuwa ile ile ya sokoni: ama kitu kilitolewa bure, ama mtu alilipa mara moja, akachukua chake, akaenda zake. Leo programu ya kuandikia, ya kujifunzia lugha, ya mazoezi ya mwili, hata ya kutazamia kama mvua itanyesha, kila moja yadai ada yake ya mwezi au ya mwaka.

Hata hivyo, yatupasa kuwa wa haki. Programu si jembe, ambalo mhunzi akisha kuliuza kazi yake imekwisha. Kila mwaka simu hupata mitambo mipya, na programu isiyorekebishwa huharibika. Kumbukumbu za watumiaji nazo hutunzwa kwa gharama. Sisi tusemao kila siku kwamba mfanyakazi astahili ujira wake, hatuwezi kumnyima fundi huyu wa kwake.

Lakini ada hizi hazikuenea kwa ajili ya shida za mafundi peke yake. Mwenye duka alikuwa akikata asilimia 30 ya mauzo. Mwezi wa Juni 2016 Apple ilitangaza kwamba programu za kila aina zaweza kutoza ada ya kujirudia, na kwamba mteja akisha kulipa kwa mwaka mzima, makato yatashuka hadi asilimia 15. Tangu hapo kumshika mteja kukawa na faida kuliko kumwuzia.

Matokeo yake yalionekana wazi huko Marekani mwezi wa Novemba 2021. Programu ya kuandikia iitwayo Notability, ambayo watu waliinunua kwa malipo ya mara moja, iligeuzwa kuwa ya ada ya kila mwaka. Wanunuzi wa zamani waliambiwa kwamba baada ya mwaka mmoja watapoteza mambo waliyokwisha kuyalipia. Wanafunzi na wafanyakazi waliokuwa wameweka humo maandishi yao ya miaka mingi wakapaza sauti kwa pamoja. Haikupita hata juma moja, kampuni ikaomba radhi na kuwarudishia wanunuzi hao haki yao. Hilo ni funzo kubwa: mnunuzi mmoja akilalamika huitwa msumbufu, bali wengi wakisema neno moja husikilizwa.

Tuangalie sasa mfuko wa mtu wa kawaida. Tuseme programu moja yadai shilingi 5,000 kwa mwezi. Fedha hizo zaonekana ndogo. Lakini kwa mwaka ni shilingi 60,000, na mwenye programu tano za namna hiyo hutoa shilingi 300,000. Wazee walisema, bandu bandu huisha gogo.

Ubaya zaidi uko mlangoni. Kuingia ni kugusa kioo mara moja. Kutoka ni safari. Mtu huitwa ajaribu bure kwa siku saba, akaandika habari za kadi yake, akasahau, na siku ya nane fedha zikakatwa. Wengi hudhani kwamba wakiifuta programu katika simu wamejitoa. La, hasha! Programu imeondoka, lakini mkataba umebaki, na ada yaendelea kukatwa.

Nchi nyingine zimekwisha kuliona jambo hili. Ujerumani, tangu Julai 1, 2022, yamlazimisha mfanyabiashara anayeandikisha wateja wa namna hii kwa intaneti aweke kitufe kilicho wazi cha kuvunjia mkataba. Nchini India, tangu Oktoba 1, 2021, mwenye kadi hana budi kuarifiwa saa 24 kabla ya ada ya kujirudia kukatwa. Marekani nayo ilitunga kanuni ya kurahisisha kujitoa mwaka 2024, lakini mahakama ya rufani ikaitangua mwezi wa Julai 2025, kwa kuwa taratibu za kuitunga hazikufuatwa.

Sisi twataka mambo matatu. Kwanza, kilichonunuliwa kikae kuwa cha aliyekinunua. Ada mpya itozwe kwa kazi mpya. Pili, mlango wa kutokea uwe mpana sawa na ule wa kuingilia. Tatu, mteja aarifiwe kabla ya fedha zake kuguswa. Fundi mwaminifu hatapoteza kitu kwa masharti haya. Atakayepoteza ni yule aishiye kwa usahaulifu wa wenzake.

Nawe, ndugu msomaji, usingoje sheria. Leo jioni fungua simu yako. Mwenye iPhone aingie katika mipangilio, aguse jina lake, aitafute orodha ya malipo ya kujirudia. Wengine waifungue Google Play, waguse picha yao, watazame sehemu ya malipo. Usilolitumia, livunje hapo hapo, usiifute programu tu. Yaliyobaki yaandike pamoja na tarehe zake, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.