Wimbo wa Kijijini Ukipanda Chati Mjini, Karanga Anakula Nani?

HIVI wimbo wa kijijini unaingiaje kwenye redio za mjini? Tuulizane taratibu, maana huko Akheri, Poli na Nkoaranga vipaji vipo vya kumwaga. Kuna vijana wanaoimba kwaya Jumapili mpaka mabati yanatetemeka, halafu Jumatatu wanapanda Hiace kwenda Arusha mjini kutafuta studio. Wakifika mlangoni pa studio, Kimeru wanakiacha nje kama viatu vyenye tope. Eti redio zinataka Bongo Fleva tu, bwana! Ukiimba lugha ya nyumbani umejimaliza mwenyewe.

Mwenye wasiwasi huo tumtajie jina moja tu: Saida Karoli.

Mwaka 2001 dada huyu wa Bukoba alitoa albamu ya Maria Salome. Hakuwa na biti la Kimarekani wala hakurap. Ilikuwa ngoma ya Kihaya, sauti nyororo inayopanda na kushuka, na maneno ambayo kwa mtu wa Kariakoo, Sakina au Mbeya mjini yalikuwa fumbo tupu. Lakini wimbo ule ulipigwa. Ulipigwa redioni, kwenye mabasi, harusini na kwenye mabaa, na watu walikata viuno bila kuomba mkalimani. Katikati ya Kihaya kile kulikuwa na Kiswahili kidogo kinachotaja karanga, basi watu wakakidaka na kuubatiza wimbo mzima Chambua Kama Karanga. Mpaka leo ukimtajia mtu jina lake halisi atakuuliza, "Upi huo?" Mtajie karanga, ataanza kutikisa mabega.

KITUO CHA KATIKATI HAKUNA

Ili uone ukubwa wa kuruka huko, tutoke kidogo tuende Marekani. Kule kuna muziki wa kantri, ule wa gitaa na visa vya mashambani ambao wazee wetu waliupenda kupitia Jim Reeves na Kenny Rogers. Muziki huo una redio zake, chati zake na tuzo zake. Msanii anaanza kuwa mfalme huko kwao, kisha wimbo ukiwa mtamu kupita kiasi unavuka, unaingia kwenye redio za pop na kusikilizwa na watu ambao hawajawahi kumkamua ng'ombe.

Dolly Parton ndiye mfano wa darasani. Ni mtoto wa milimani, Tennessee, kutoka familia ya watoto 12. Mwaka 1977 wimbo wake Here You Come Again ulishika namba 1 kwenye chati ya kantri, halafu ukapanda mpaka namba 3 kwenye chati kuu ya pop. Yaani alipanda ngazi mbili: ya kwanza kwa watu wake, ya pili kwa dunia.

Wakenya nao wana ngazi ya kwanza. Tangu Kameme FM ianze kutangaza kwa Kikuyu mwaka 2000, wakafuata wengine kwa Kijaluo na lugha nyingine, mwimbaji wa kijijini kule anaweza kuwa staa kwa watu wake kabla hata Nairobi haijamsikia vizuri.

Bongo je? Kwa miaka mingi kanuni zetu za utangazaji zimetaka vituo vitangaze kwa Kiswahili au Kiingereza. Sababu yake inaeleweka, nchi ni moja na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Lakini matokeo yake ni kwamba hakuna redio ya Kihaya, hakuna chati ya Kimeru, hakuna kituo cha katikati ambapo basi linasimama upumue. Wimbo wa kilugha ama uruke moja kwa moja kutoka kwenye ngoma ya kijijini mpaka redio ya taifa zima, ama ubaki kwenye harusi za ukoo. Saida aliruka. Ndiyo maana tunasema lile halikuwa jambo dogo.

MILANGO MITATU

Wapo na wengine waliovuka, ila kila mmoja alipita mlango wake.

Saida alipita mlango wa sauti. Hakubadili lugha. Aliacha ngoma na sauti vifanye kazi, akarusha Kiswahili kidogo tu kama chumvi kwenye mboga, na hicho kidogo ndicho kilichompa msikilizaji mahali pa kushika.

Mlango wa pili ni wa nyumbani kabisa, hapa hapa A-Town. X Plastaz, washkaji walioanza katika miaka ya 1990, walimchukua Merege, mwimbaji wa Kimaasai, wakauweka uimbaji wake pamoja na michano ya Kiswahili ya akina Gsan na Nelly. Albamu yao Maasai Hip Hop ilitolewa mwaka 2004 na kampuni ya Ujerumani, OutHere, na ikawatembeza nje ya nchi. Hawa hawakumwambia Mmasai avue shuka ndiyo aingie studio. Aliingia nalo.

Mlango wa tatu ni wa utani. Marehemu Mr. Ebbo, aliyefariki mwaka 2011, alitoka na Mi Mmasai mapema miaka ya 2000. Yeye aliimba Kiswahili, lakini kwa lafudhi ya Kimaasai, na nchi nzima ikacheka huku ikicheza. Chini ya kicheko kulikuwa na ujumbe: mimi ni wa kabila langu na sioni aibu.

Ukiwatazama wote watatu, hakuna aliyevuka kwa kuficha alikotoka. Kilichowatofautisha na wasanii kibao waliokuwa wakifanana ndicho hicho hicho kijana wa Akheri anachokiacha mlangoni.

SASA TUJE KWENYE KARANGA

Wimbo ukishavuka unaanza kutembea wenyewe, na hapa ndipo penye moto. Septemba 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa Salome, wimbo uliojengwa juu ya ule wa Saida. Watoto waliokuwa hawajazaliwa mwaka 2001 wakaanza kuucheza. Saida mwenyewe akarudi kwenye midomo ya watu, na mwaka 2017 akatoka na Orugambo. Miaka 15 baadaye, karanga zilikuwa bado mbichi!

Dolly ana kisa kinachofanana na hicho, na kila msanii chipukizi angekiandika ukutani. Mwaka 1974 alitoa I Will Always Love You, ukashika namba 1 kwenye kantri. Elvis Presley, mfalme mwenyewe, akataka kuurekodi. Lakini meneja wake akadai nusu ya haki za wimbo. Dolly, ingawa roho ilimuuma, akakataa. Watu wakamwona mwehu. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba kwenye filamu ya The Bodyguard, ukakaa namba 1 Marekani kwa wiki 14. Nani alikuwa mtunzi mwenye haki zake? Dolly. Kila ulipopigwa, mfuko wake ulijua.

Kwa hiyo, kaka na dada unayeshuka na Hiace, sikia. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kuna COSOTA inayosajili kazi za wasanii. Haki ya mtunzi ni yako tangu ulipoutunga wimbo, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Usajili ni ushahidi tu, siku ikitokea kasheshe. Mwimbaji na aliyegharimia kurekodi nao wana haki zao, ambazo ni tofauti na za mtunzi. Ndiyo maana karatasi ya mkataba isomwe mstari kwa mstari, ikiwezekana mbele ya mtu anayejua sheria. Usiuze wimbo mzima kwa nauli ya Dar na shati jipya.

Na wimbo wa bibi yako wa jadi usiuandike jina lako peke yako. Sheria hiyo hiyo inalinda sanaa za jadi kama mali ya jamii. Chota mahadhi, tunga maneno yako, sema ulikochota.

Elimu nayo haipo mbali. Makumira, karibu tu na Usa River, kuna chuo kikuu kinachofundisha muziki mpaka shahada. Mtu wa Akheri anaweza kwenda kusoma na kurudi nyumbani kula chakula cha jioni.

Mlima Meru una sauti zake, na redio hazijazimaliza. Atakayeshuka nazo akapiga hodi studio, aingie na Kimeru chake kifuani na nakala ya mkataba mkononi. Karanga akichambua yeye, azile yeye.