Je, Wajua? Mistari ya Dukani Ilianzia Mchangani

Ile mistari myeusi kwenye paketi ya majani ya chai ilibuniwa ufukweni Miami. Norman Joseph Woodland, aliyejifunza alama za Morse akiwa skauti, alivuta vidole mchangani akiziwaza, akapata mistari minene na myembamba. Yeye na Bernard Silver walipewa hataza mwaka 1952, ila mashine nzuri ya kuisoma ilichelewa. Juni 26, 1974, katika supamaketi ya Marsh mjini Troy, Ohio, ilisomwa paketi ya chingamu ya Wrigley's. Hapo ndipo biashara ilipogeuka kweli: kila mauzo yakajihesabu yenyewe, na mwenye duka akajua la kuagiza. Tazama tarakimu tatu za mwanzo chini ya mistari hiyo: 616 imesajiliwa Kenya, 620 Tanzania, hata kama bidhaa imetengenezwa kwingine.