Albania: pwani ya bei nafuu, kwa mwenye kuijua viza yake

Kutoka kisiwa cha Corfu, Ugiriki, boti ya mwendo kasi hufika Sarandë, kusini mwa Albania, kwa muda wa nusu saa hivi. Bahari ni ile ile ya Ionia. Malazi na chakula kwa kawaida huwa rahisi zaidi.

Albania, iliyofungiwa walimwengu enzi za Enver Hoxha, aliyefariki mwaka 1985, haimo katika eneo la Schengen. Hapo ndipo penye faida na mtego. Mkenya au Mtanzania mwenye viza ya Schengen, Uingereza au Marekani ya kuingia mara nyingi, ambayo bado ni halali na amekwisha kuitumia, huruhusiwa kukaa hadi siku 90 bila viza ya Albania. Lakini mwenye viza ya Schengen ya kuingia mara moja tu, hata akipewa viza ya Albania, akivuka hawezi kurudi Corfu, ijapokuwa ndege yake ya kurejea nyumbani yaondokea huko.

Aliyeyamaliza hayo na auepuke mwezi wa Agosti. Ufukwe wa Ksamil wasifika, na kwa haki, ila mwezi huo viti na miavuli ya kukodi huufunika mchanga wote. Septemba maji yangali na joto, na vyumba hushuka bei. Basi la kutoka Sarandë hupitia Ksamil hadi magofu ya kale ya Butrint, yaliyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 1992. Nauli hulipwa kwa leki taslimu.