Habu Njema Ni Ile Inayofunguka

Magunia mawili ya mkaa yamesimama kwenye keria, na mwenye baiskeli anaisukuma mlimani kwa bega. Uzito ule karibu wote unaishia kwenye kipande cha chuma kisichozidi ngumi: habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu. Ndiyo maana baiskeli nyingi za inchi 28 zina spoku 40 nyuma na 32 tu mbele.

Lakini wanunuzi wengi wa gurudumu hukagua ringi na tairi, habu wakaiachia muuzaji. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Habu zipo za aina mbili. Moja ina gololi huru kati ya kikombe kilicho ndani ya habu na koni iliyo kwenye ekseli. Kwa kawaida nyuma ni gololi tisa za robo inchi kila upande. Nyingine ina beringi zilizofungwa. Hizi huvumilia vumbi muda mrefu, ila zikichakaa hutakiwa kung'olewa kwa kifaa maalumu na kupatiwa beringi za namba ileile. Aliye jirani na duka la beringi hana shida. Mbeba mkaa wa kijijini achukue ya gololi: spana mbili nyembamba na grisi, fundi wa chini ya mwembe anaifungua na kuifunga.

Dukani, zungusha ekseli kwa vidole. Ikikwaruza wakati koni hazijakazwa kupita kiasi, iache. Uliza kama koni zake zinauzwa pekee; habu isiyo na koni za akiba sokoni ni ya kutumia na kutupa. Kwa baiskeli ya gia, chunguza zaidi. Friwili (seti ya gia za nyuma) ya kufungwa kwa nyuzi huiacha beringi ya kulia ndani, mbali na ncha ya ekseli, na mzigo mzito huipinda ekseli hata kuikata. Habu za kaseti zimeisogeza beringi hiyo nje, karibu na fremu.

Ukishanunua habu ya gololi, usingoje ipige kelele. Ifunguliwe kila baada ya masika, ioshwe, itiwe grisi na gololi mpya. Koni ikiota vishimo, ibadilishwe siku hiyohiyo, kwa sababu vishimo vyake huhamia kwenye kikombe, na kikombe kwa kawaida hakiuzwi pekee. Kikiliwa, fundi atafumua spoku zote 40 ili aweke habu nyingine, na siku hiyo mkaa utabaki nyumbani.